Mambo ya Ubongo na Akili: Maswali Yanayoulizwa Sana Mombasa na Majibu Yake

Haya maswali hayakutungwa. Ni yale yale yarudi kila siku, kwa kina mama waliokaa nje ya madrasa wakingoja watoto, kwa vijana wa maskani, kwenye magrupu ya familia ya WhatsApp mtu amefowadi kitu saa tano usiku na hajui kimetoka wapi. Mengine ni madogo, hata ukiyaamini hayakudhuru. Mengine yameharibu maisha ya watu hapa hapa Pwani, na hayo ndo nimeyaandikia kirefu. Mepesi yako juu, magumu yako chini, na nimeweka nambari ili jibu likitegemea lingine nikuelekeze tu.

## Ubongo wenyewe

1. Ni kweli twatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

La, na hili ndo laulizwa kuliko yote. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini wala karibu asilimia 20 ya nguvu ambayo mwili watumia ukiwa umetulia, na hata ukilala hauzimi. Mtu akipigwa skani huonekana sehemu zote zina kazi, hii saa hii, ile saa ile, nyingi kwa pamoja. Alafu angalia mtu aliyepata kiharusi, kipande kidogo kikikosa damu mkono umelala, ama maneno hayatoki, ama chakula cha upande mmoja wa sahani hakioni kabisa. Ingekuwa asilimia 90 haina kazi basi kugonga kichwa kwenye ajali ya bodaboda kusingekuwa jambo, na kila aliyemuuguza mtu wa ajali hiyo anajua si hivo.

Watu humsingizia Einstein hilo neno, na hakuna mahali palipopatikana amelisema. Kulikuwa na mwanasaikolojia wa Marekani, William James, aliyekuwa akisema watu hawatumii uwezo wao wote, hakutaja asilimia ya ubongo, wengine wakaja baadaye wakatia namba. Wanaouza vidonge na kozi za "kufungua ubongo" wangali waitumia hadi leo. Ukiona tangazo limeanza na hiyo asilimia 10, funga mfuko.

2. Mimi ni mtu wa ubongo wa kulia, ndo maana hesabu hainiingii. Ni sawa?

Si sawa. Kuna ukweli mdogo ndani yake, manake kwa watu wengi lugha yategemea zaidi upande wa kushoto, na Roger Sperry alipata Nobel mwaka 1981 kwa kuchunguza wagonjwa wa kifafa ambao madaktari walikuwa wamewakata zile nyuzi zinazounganisha pande mbili za ubongo. Lakini hao ni watu waliopasuliwa. Wewe nyuzi zako ziko, na pande zote mbili zapashana habari muda wote. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia skani za watu zaidi ya 1,000 wakitafuta kama kuna watu ambao kwa jumla wao ni wa upande mmoja, hawakuwapata.

Mtu anayechora hina kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, maua ya mkono huu yalingane na ya mkono ule, huyo yuafanya hesabu ya nafasi hata kama shuleni aliambiwa hesabu si yake. Kumwambia mtoto "wewe ni wa sanaa, hesabu achia wenzako" ni kumfungia mlango kwa sababu ambayo haipo.

3. Mwenye kichwa kikubwa ana akili zaidi?

La. Ubongo wa Einstein ulipopimwa baada ya kufa ulikuwa na gramu 1,230 hivi, chini kidogo ya wastani wa mwanamume. Tembo ana ubongo mkubwa kutushinda mara kadhaa.

Ila tafadhali, mtoto mchanga ambaye kichwa chakua haraka kupita kiasi, utosi umevimba, macho yatazama chini, huyo si mwenye akili nyingi, huyo apelekwe hospitali mara moja. Yaweza kuwa ni maji kichwani, na kuchelewa kunaharibu.

4. Mtu mzima hawezi kujifunza tena, ubongo umeshakauka?

Haukauki. London dereva wa teksi lazima ahifadhi kichwani mitaa kama 25,000 ndipo apewe leseni. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ambayo inahusika na njia na kumbukumbu, ni kubwa zaidi kwa hao madereva. Watu wakasema labda walizaliwa hivo, ndo mwaka 2011 ukatoka utafiti mwingine uliowafuata wanafunzi tangu mwanzo wa masomo, waliofaulu ile sehemu ilikua, walioshindwa haikukua. Hao ni watu wazima na familia zao.

Kama seli mpya za ubongo zazaliwa ukubwani ama la, hapo wanasayansi wenyewe wangali wabishana. Lakini kujifunza hakungojei seli mpya, viungo kati ya seli ulizo nazo vyabadilika kila unapofanya mazoezi. Kwahivo nyanya anayetaka kujifunza kusoma akiwa na miaka 60, mtafutie daftari.

## Shule, madrasa na mitihani

5. Mwalimu ameniambia mtoto wangu ni wa kujifunza kwa kuona, si kwa kusikia. Nimtafutie shule tofauti?

Usihangaike. Habari ya kwamba kila mtoto ana njia yake, mmoja macho, mmoja masikio, mmoja mikono, imeenea mpaka kwenye mafunzo ya walimu, lakini mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Harold Pashler walipitia utafiti uliokuwepo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa hiyo "njia yake" kunamfanya ajue zaidi.

Watoto wana mambo wanayopenda, hilo ni kweli. Lakini njia nzuri ya kufundisha hutegemea somo lenyewe, ramani lazima uione, matamshi ya Kiarabu lazima uyasikie na uyatamke, kushona lazima ushike sindano, na hivo ni kwa kila mtoto. Kitu cha kupimisha kweli ni macho na masikio. Kuna watoto wengi wanaoambiwa wazito darasani kumbe ubao hawauoni.

6. Mtoto akisikilizishwa muziki wa Mozart tumboni atazaliwa na akili nyingi?

La. Utafiti ulioanzisha hayo ni wa mwaka 1993, California, na haukufanywa kwa watoto, ulifanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo, wakasikiliza dakika 10 kisha wakafanya vizuri zaidi kidogo kwenye mtihani wa kukunja na kukata karatasi kimawazo, na faida yenyewe ikaisha ndani ya robo saa. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa apewe kanda. Baadaye ikaonekana hata kusikiliza hadithi unayoipenda kwafanya vivo hivo, manake kinachosaidia ni kuchangamka tu. Mama mjamzito akitaka kusikiliza taarabu na asikilize kwa raha zake.

7. Tukimsemesha mtoto Kiswahili, Kigiriama na Kiingereza si tutamchanganya achelewe kusema?

Hapana, na hili nalisema kwa nguvu manake nimeona wazazi wakiacha lugha ya nyumbani kwa sababu ya ushauri huu mbaya. Mtoto wa lugha mbili au tatu huanza kusema kwenye umri ule ule wa wenzake. Ukihesabu maneno ya lugha moja tu utaona yako pungufu, ukijumlisha ya zote yafikia ya wenzake. Akichanganya lugha kwenye sentensi moja hajachanganyikiwa, anatumia neno alilo nalo, na sisi wakubwa hufanya hivo hivo siku nzima.

Kama mtoto ana miaka miwili na hajaunganisha hata maneno mawili kwa lugha yoyote, mpeleke apimwe masikio na aonwe na mtaalamu. Usingoje kwa kisingizio cha lugha nyingi.

8. Miraa ama muguka vinasaidia kusoma usiku wa mtihani?

Vinasaidia kukesha. Kusoma ni kitu kingine. Ndani yake mna kathinoni, kemikali ya jamaa moja na amfetamini, zile dawa kali za kuchangamsha, inakuondolea usingizi na kukupa ile hisia ya kwamba kila kitu kinaingia, unajaza kurasa, unaongea sana. Lakini kile ulichosoma mchana huja kutulizwa na kupangwa ukilala, hipokampasi inarudia ya mchana ndo yanashika, kwahivo ukikesha umekata ile kazi katikati. Asubuhi unaingia kwenye mtihani na macho mekundu, moyo wenda mbio, na swali rahisi linakupita.

Kwa vijana wenye dalili za kuchanganyikiwa ama ambao nyumbani kuna ugonjwa wa akili hatari ni kubwa zaidi, soma swali la 11. Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, mambo yakaenda kortini na siasa zikaingia, lakini hata siasa ukiziweka kando, mtoto wa kidato cha nne kuambiwa na rafiki yake kwamba muguka ni dawa ya mtihani ni uongo wenye madhara.

9. Basi njia gani ya kusoma inafanya kazi kweli?

Jiulize bila kutazama kitabu, na ugawanye siku. Kusoma ukurasa huo huo mara nyingi na kupiga rangi ya njano kunakupa hisia ya kujua, manake maandishi umeyazoea, lakini ukifunga kitabu hayapo. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu, kundi moja wakakisoma tena, kundi lingine wakafunga na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena ndo waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojiuliza walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Na habari ya kugawanya siku Hermann Ebbinghaus alishaiandika tangu mwaka 1885 kwa kujipima mwenyewe.

Ukitaka kuona haya yote yakifanywa nenda madrasa yoyote Majengo ama Kisauni wakati wa murajaa. Mtoto amekaa mbele ya ustadhi, msahafu umefungwa, anasoma kutoka moyoni, anakwama, ustadhi hamtajii haraka, anangoja, mtoto anafumba macho, anarudi aya moja nyuma, anaingia kwa mbio na safari hii anapita. Akishindwa kabisa anapewa neno moja tu la kumshtua. Kesho anarudia ya leo, wiki ijayo anarudia ya wiki hii. Hayo ndo mambo ambayo maabara zimekuja kuyathibitisha, na watoto wetu wanayo mikononi. Kinachohitajika ni wayapeleke kwenye bayolojia na historia pia, huko wengi hukariri kwa macho tu.

10. Sukari inawatia watoto wazimu?

Kila Idi pale Makadara utasikia hili, mtoto ana soda, ana mabuyu mdomo mwekundu, ameruka kwenye pembea tangu alasiri na hataki kwenda nyumbani, mama asema ni sukari. Mwaka 1995 ulitoka uchambuzi uliojumlisha majaribio 23 ambapo si mtoto wala mzazi aliyejua nani amepewa sukari ya kweli, na tofauti ya tabia haikuonekana. Jaribio lingine la 1994 mama waliambiwa mtoto amepewa sukari kumbe hakupewa, na bado wakasema amezidi utundu. Kilichomchangamsha ni Idi yenyewe, wenzake, kelele, na kulala kuchelewa. Sukari ipunguze kwa ajili ya meno na kisukari, hizo ni sababu za kweli.

11. Fulani alisoma sana mpaka akawa mwendawazimu. Kusoma kupita kiasi kunaleta wazimu?

Hapana. Nataka nilieleze hili vizuri manake kuna wazazi wamewatoa vijana chuoni kwa sababu yake, na kuna wagonjwa wamekaa nyumbani miaka kwa kuambiwa "apumzishe vitabu tu atarudi."

Ugonjwa kama skizofrenia, ule wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, huanza mara nyingi mwishoni mwa miaka ya kumi na kuendelea mpaka ishirini na kitu, kwa wanawake huchelewa kidogo. Sasa umri huo kijana yuko wapi? Yuko kidato cha nne, yuko chuo. Mtaa mzima walikuwa wakimwangalia huyo kwa sababu alipata A, kwahivo akiugua kila mtu anajua. Yule wa umri huo huo aliyekuwa akibeba mizigo Marikiti akiugua hakuna anayesema "alibeba sana mpaka akawa wazimu," watasema amerogwa ama ni bangi. Ugonjwa ni mmoja, sababu tunazozitunga ndo zinafuata kazi ya mtu.

Shirika la Afya Duniani lasema skizofrenia yampata karibu mtu 1 kati ya 300. Unaongezwa na urithi wa familia, matatizo wakati wa kuzaliwa, bangi nyingi hasa ukianza mdogo, na msongo mkubwa unaweza kumsukuma mtu aliyekuwa tayari karibu. Kukosa usingizi siku nyingi pia kunaweza kuamsha ugonjwa kwa mtu wa aina hiyo. Kwahivo kijana aliyekesha wiki nzima na muguka akaanza kusikia sauti, waliomwona watasema ni vitabu, na vitabu havikufanya kitu.

Dalili za mapema watu huzipita. Kijana anajitenga, haogi, anacheka peke yake, anasema majirani wanamsema kwenye redio, masomo yameporomoka ghafla. Hapo ndo pa kwenda hospitali, Port Reitz kuna kitengo cha akili, na dawa zikianza mapema matokeo ni bora zaidi kuliko kumfungia chumbani miaka mitatu. Wengi hurudi wakafanya kazi, wengine wakamaliza hiyo digrii.

## Kumbukumbu na uongo

12. Niliona kwa macho yangu na nakumbuka kila kitu. Vipi mtu anaambia nimekosea?

Unaweza kuwa mkweli kabisa na ukawa umekosea. Kumbukumbu haihifadhiwi ikakaa kama video, kila ukikumbuka unapika upya, na viungo vya leo vinaingia kwenye chungu cha jana.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, wakawauliza mwendo ulikuwa kiasi gani. Walioulizwa magari "yalipovaana kwa kishindo" walitaja maili kama 41 kwa saa, walioulizwa "yalipogusana" wakataja 32. Ajali zile zile. Kisha kwenye jaribio lingine la namna hiyo wakawauliza baada ya wiki kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu hapakuwa na vioo, lakini kati ya watu 50 walioulizwa kwa neno zito 16 walisema waliviona, na kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida 7.

Hapa kwetu hili lina uzito wake. Simu imeibwa Mwembe Tayari, watu wamekusanyika, mmoja asema "si alikuwa na shati nyekundu?" na baada ya dakika tano kila mtu aliona shati nyekundu, na kijana yeyote mwenye shati nyekundu yumo hatarini kupigwa. Marekani, zaidi ya nusu ya watu walioachiliwa baada ya vipimo vya DNA kuonyesha hawakufanya kosa walikuwa wametambuliwa kimakosa na shahidi aliyeona kwa macho yake. Ukishuhudia kitu andika ama jirekodi mwenyewe kabla hujazungumza na mwingine yeyote.

13. Kuna watu wana kumbukumbu ya picha, wakitazama mara moja basi?

Mtu mzima wa namna hiyo hajapatikana kwa ushahidi unaoshikika. Waliohifadhi Qurani nzima, wenye kughani tenzi ndefu, mabingwa wa mashindano ya kukumbuka, wote wamefika kwa mazoezi na mbinu, rudi swali la 9. Na ni heshima kubwa zaidi kwao, kusema amezaliwa hivo ni kufuta miaka ya kuamka alfajiri.

14. Muongo hujulikana kwa macho?

La. Mwaka 2006 Bond na DePaulo walijumlisha tafiti zilizokuwa na waamuzi zaidi ya 24,000, watu walipata sawa asilimia 54, na ukirusha shilingi utapata 50. Kukwepa macho kwaweza kuwa ni aibu, ni hofu, ama ni adabu, watoto wengi wa Pwani wamefundishwa wasimkazie macho mkubwa akiwakemea. Mwalimu ama askari anayechukua hiyo kuwa ni ushahidi anamdhulumu mtoto aliyelelewa vizuri.

## Usingizi, majini na ugonjwa

15. Naamka usiku siwezi kusogea, kuna kitu kimenikalia kifuani. Ni jini?

Hiyo ni jinamizi, na ni hali inayojulikana. Tukiota mwili hulegezwa misuli ili tusirukeruke kitandani. Saa zingine akili huamka kabla misuli haijaachiliwa, kwahivo macho yako wazi, chumba unakiona, na ndoto bado yaendelea, ndo unaona kivuli mlangoni. Kifua unahisi kimebanwa manake hauwezi kuvuta pumzi kwa kutaka. Karibu watu 8 kwa 100 imewapata angalau mara moja, na kila nchi ina jina lake. Unguja na Pemba mwaka 1995 hofu ya Popobawa, jini aliyesemekana kuvamia watu usiku, ilienea mpaka watu wakalala nje kwa makundi, na baadhi ya waliosimulia walieleza hali hii hii.

Huja zaidi ukikosa usingizi, ukilala chali, ama ukiwa na mawazo. Lala kwa ubavu, lala kwa saa zinazoeleweka, na ikikupata jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu. Ukitaka kusoma dua zako za kulala soma, kutulia moyo kwasaidia. Ikija karibu kila usiku muone daktari.

16. Mtu akianguka kifafa atiwe kijiko mdomoni? Na povu laambukiza?

Usitie kijiko wala kidole wala kitu chochote, utamvunja meno ama umzibe pumzi, na ulimi haumezeki. Haiambukizi kabisa, usiogope kumgusa. Ondoa vitu vya kumuumiza, weka kanga chini ya kichwa, mlaze ubavu, angalia saa. Ikizidi dakika 5 ama inakuja nyingine kabla hajaamka, hospitali.

Utafiti mwingi wa kifafa umefanyika hapo jirani Kilifi kwenye kituo cha KEMRI, na sababu zipo wazi, matatizo ya kujifungua, malaria kali, majeraha ya kichwa. Shirika la Afya Duniani lasema mpaka asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa. Mtoto wa kifafa aende shule. Kuogelea na moto ndo pa kumwangalia.

17. Wasichana kumi wameanguka shuleni kwa pamoja wakilia. Shule imeingiwa?

Hayo hutokea dunia nzima na wasichana hawajifanyi. Hofu na msongo vinatoka mwilini, na mwili mmoja waambukiza mwingine kwa kuona. Kashasha karibu na Bukoba, tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kuacha, mwisho 95 kati ya 159 wakapatwa, shule ikafungwa Machi. Hakuna sumu wala virusi vilivyopatikana.

Kwanza waonwe na daktari kuhakikisha si chakula wala moshi. Kisha watenganishwe kwa upole, waliotulia warudi darasani, na mtu anayeaminika aulize nini kinawatisha pale bweni. Kuita umati na kelele huzidisha. Kuwapiga ni dhambi.

18. Mwezi ukiwa mpevu wagonjwa wa akili huzidi?

Mwaka 1985 Rotton na Kelly walipitia tafiti 37 wasione uhusiano wa maana. Twakumbuka usiku wa mbalamwezi uliokuwa na vurugu, ule uliotulia hakuna anayeuhesabu.

19. Bibi amebadilika, atoka nje usiku, amsahau mwanawe. Watu wasema ni mchawi.

Ni mgonjwa. Hakuna swali kwenye ukurasa huu ambalo kulikosea kumeua watu zaidi hapa kwetu.

Huu ugonjwa wa kusahau waitwa dimenshia, na huanza kwa kula kumbukumbu za karibu, za zamani hubaki. Kwahivo bibi ambaye hakumbuki kama amekula anaweza kukusimulia harusi yake yote na majina ya waliopiga ngoma. Anatia chumvi kwenye chai. Jioni jua likitua anahangaika, hili madaktari wanalijua, anavaa ama anavua, anatoka kutafuta nyumba ya babake iliyoshavunjwa, anapotea, anakutwa saa nane usiku kwenye ua wa jirani. Hapo jirani anaona mchawi. Ukimuuliza alikuwa akifanya nini hana jibu, manake hakumbuki, na kukosa jibu kunachukuliwa kuwa ni kukubali.

Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa tuhuma hizi, saa zingine na jamaa zao wenyewe wanaotaka shamba, na Kaya Godoma kule Ganze pamekuwa mahali pa kuwahifadhi waliokimbia. Mvi na macho mekundu si ushahidi wa kitu chochote, macho ya mtu aliyepika kwa kuni miaka 50 yatakuwaje?

Mpeleke apimwe, manake kuna sababu zinazotibika, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, maambukizi ya mkojo, dawa zinazogongana, sonona. Ikiwa ni dimenshia yenyewe haiponi, lakini kuna mengi ya kumrahisishia, taa usiku, komeo la juu mlangoni, mtu wa kukaa naye jioni, usibishane naye akisema babake yuaja. Na waambie majirani mapema, kwa sauti, kwamba bibi ana ugonjwa wa kusahau na huu ndo ugonjwa wenyewe, akionekana nje arudishwe nyumbani.

20. Nikimuuliza mtu kama anafikiria kujiua si nitamtia hilo wazo?

Hapana, humtii. Tafiti zilizoangalia swali hili hili hazikuona kwamba kuuliza kwaongeza mawazo hayo, na kwa wengine kwapunguza, manake mwisho mtu amepata pa kusema. Uliza wazi, kwa upole, faraghani: "Umefikia mahali unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza usikie. Usimhubirie papo hapo. Akisema ndiyo usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za karibu, mpelekeni hospitali.

Wengi walikuwa wakiogopa polisi. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinapingana na katiba. Kwahivo familia isifiche mgonjwa.

## Maswali ya pembeni

21. Nina miaka 38, nasahau funguo na majina. Ni dimenshia?

Kwa umri huo ni nadra sana. Kusahau funguo umeweka wapi ni kawaida, kushika funguo usijue ni za kazi gani ndo pa kushtuka. Angalia usingizi wako, mawazo, na simu. Mara nyingi jina halikusahaulika, halikuingia, manake wakati unaambiwa ulikuwa unasoma meseji.

22. Jamaa yetu alisomewa akapona. Basi hospitali ya nini?

Kwanza alhamdulillahi amepona. Magonjwa mengi ya akili huja na kuondoka kwa vipindi, watu huenda kusomewa pale hali imefika juu kabisa, na baada ya hapo juu kawaida ni kushuka. Pia kukaa na watu wanaokushika mkono, wanaokutakia heri, na matumaini yenyewe, vyatuliza kweli. Lakini hutajua kipi kimefanya kazi kwa kumwangalia mtu mmoja, na walioenda wasipone hawasimuliwi barazani.

Dua na dawa havigombani na hakuna sharti la kuchagua kimoja. Shida ni mgonjwa kuambiwa aache vidonge ndo kisomo kifanye kazi, kuchapwa, kunyimwa chakula, ama kufungwa minyororo, hapo mchukue muondoke. Vidonge vya skizofrenia na vya kifafa visikatwe ghafla hata akijisikia mzima, manake ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu, na kwa kifafa anaweza kuanguka mfululizo bila kuamka. Na kama anakunywa dawa za miti shamba mwambie daktari ama nesi wazi ni zipi, hata mbebee yale majani ayaone, kuna zingine zagongana na vidonge na hawezi kujua asipoambiwa.